Pikapu Imekwenda, Fedha Hazijalipwa

Tuseme mkulima wa Kingolwira ana pikapu kuukuu. Imebeba nyanya na machungwa mpaka Morogoro mjini miaka mingi. Sasa amechoka kuitengeneza. Jirani yake anaitaka. Wanapatana bei, shilingi 6,000,000. Jirani anatoa 4,000,000 papo hapo. Zilizobaki atalipa baada ya mavuno. Wanapeana mikono, na pikapu inashika barabara kuu ya Dar es Salaam.

Mavuno yanapita. Jirani haonekani. Akipigiwa simu hapokei.

Wengi hukimbilia polisi. Polisi watamwuliza, je, umeibiwa? Hakuibiwa, aliuza mwenyewe. Deni si wizi. Mahali pake ni mahakamani. Kama angepewa noti bandia, hilo lingekuwa jambo la polisi. Wengine huenda usiku kuivuta pikapu. Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Utajikuta wewe ndiwe mshtakiwa. Unachodai ni fedha, si gari.

Kwanza mwandikie barua. Taja namba ya gari, bei, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki na siku ya mwisho ya kulipa. Mistari sita inatosha. Hata aliyejifunza kuandika juzi anaweza. Mpe mbele ya shahidi, nawe ubaki na nakala.

Asipolipa, nenda Mahakama ya Mwanzo. Huko shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Unaweza kueleza dai lako kwa mdomo, nalo litaandikwa. Ukilipa ada, dai stakabadhi.

Anayedai ndiye anayethibitisha. Kama hamkuandikiana, dai halijafa, maana gari lilipokewa na sehemu ya fedha ililipwa. Lakini jirani akisema bei ilikuwa 4,000,000 tu, utamjibu kwa nini? Walete waliosikia mkipatana. Tunza pia ujumbe wa fedha ulioingia kwenye simu.

Ukishinda naye asilipe, mahakama inaweza kukamata mali yake na kuiuza. Kazi hiyo ni ya mahakama, si yako. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Wala usilale. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kwa dai la mkataba.

Na kadi ya gari? Wauzaji wengi hubaki nayo mpaka deni liishe. Ni kinga nzuri, ila ina ubaya wake. Jina lako likiwa bado kwenye kadi, gari likipata ajali, wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza. Kwa hiyo muda wa kulipa usiwe mrefu.

Hati yenyewe yaweza kuandikwa hivi:

"Mimi ....... nimemuuzia ....... pikapu namba ....... kwa shilingi 6,000,000. Leo nimepokea 4,000,000. Zimebaki 2,000,000. Zitalipwa kabla ya tarehe ....... Kadi itabaki kwangu mpaka siku hiyo."

Muuzaji na mnunuzi watie sahihi, pamoja na mashahidi wawili. Kila mmoja achukue nakala yake.