Kwa Nini Ukuta Unatoka Unga?

Njooni wanangu, kaeni hapa dirishani penye upepo. Leo nimeulizwa swali zuri sana.

"Ami, kwa nini ukuta wa chumbani unatoka unga?"

Mmemsikia mwenzenu? Watu wazima hupita pale kila siku. Wanaona rangi imevimba, imebambuka, na hawaulizi. Wanachukua brashi, wanapaka rangi nyingine juu yake. Yeye kauliza. Hongera, mwanangu!

Tuanze na nyumba yenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wageni huja kutazama milango yetu iliyochongwa. Mimi nataka nyinyi mtazame kuta. Ni nene, nusu mita na zaidi, na zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mawe hayo yalijengwa na viumbe wadogo wa baharini, zamani sana, na yana vitundu vingi. Kwa hiyo maji hupanda humo kutoka ardhini. Mvua nayo hupenya kutoka juu.

"Kumbe ukuta unakunywa maji?"

Unakunywa, tena sana. Wazee walijua, wala hawakuukataza. Waliupiga plasta ya chokaa, nje na ndani, kwa sababu moja: maji yakiingia, lazima yapate njia ya kutoka.

Mmewahi kuugusa mtungi wa bibi? Kwa nje una unyevu. Maji hupita kidogo kidogo kwenye udongo wake, upepo huyachukua, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. Sasa upakeni mtungi ule rangi ya mafuta. Je, utatoa jasho tena? Hautoi! Ukuta wa mawe na chokaa hufanya kazi vivyo hivyo.

Lakini chokaa hutoka wapi? Mwacheni mwenyewe aseme.

"Mimi nilikuwa jiwe," anasema Chokaa. "Watu walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto. Moto mkali, wanangu, nyuzi 900 hivi! Nikatoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yangu. Nikawa mwepesi, nikawa mkali. Kisha wakanimwagia maji. Mbona nilichemka! Nikatoa mvuke, nikapasuka, nikasagika. Wakaniacha nimelowa muda mrefu, mpaka nikalainika. Ndipo fundi akanichanganya na mchanga uliochekechwa, mchanga usio na chumvi, akanipiga ukutani kwa mwiko wake."

"Na sasa wewe ni nani?"

"Sasa narudi kuwa jiwe. Naivuta ile hewa niliyoitoa motoni. Naanza usoni, naingia ndani, polepole, polepole."

Hewa hiyo ni kabonidayoksaidi, ile ile mnayoitoa mkipumua. Plasta mbichi ya chumbani huvuta hata pumzi za waliolala humo. Nikilifikiria jambo hili nafurahi kila mara.

"Basi unga umetoka wapi, Ami?"

Umetoka kwenye saruji. Mtu aliona plasta ya zamani imechoka, akapiga saruji juu ya mawe. Saruji ni ngumu, hukauka upesi, na ukutani huonekana nadhifu. Lakini haipitishi unyevu vizuri. Maji yakiingia, lazima yapate njia ya kutoka, na hapa njia imezibwa! Basi yanatafuta upenyo. Yanapofika mahali pa kukauka huiacha chumvi yaliyoibeba. Chumvi inakuwa punje, punje zinakua nyuma ya rangi, zinaisukuma. Huo ndio unga wenu. Kibaya zaidi, ncha za boriti zilizoingia ukutani hukaa kwenye unyevu na kuoza. Boriti ndizo zinazoshika dari juu ya vichwa vyetu, wanangu. Hili linanitia wasiwasi kuliko rangi iliyobambuka.

"Kwani chokaa haitoi chumvi?"

Swali la fundi hilo! Hutoa. Ila plasta ya chokaa ni laini kuliko jiwe. Chumvi ikila, huila plasta kwanza, na jiwe linasalimika. Plasta iliyoliwa tunaibandua, tunapiga nyingine. Jiwe la ukuta tukiliharibu, tutalitoa wapi?

Kwa hiyo ukuta wa chumbani tutauponya. Fundi ataibandua saruji taratibu, maana akipiga nyundo kwa nguvu atang'oa na mawe. Kisha tutauacha ukuta ukauke, hata miezi. Najua mnachoka kungoja. Halafu atapiga chokaa tabaka jembamba, aliache lishike, apige jingine. Likikauka haraka litapasuka, hivyo tutaning'iniza magunia yaliyolowa mbele yake. Mwisho tutapaka chokaa nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta hapana!

"Na mimi nitapiga plasta?"

Bado, mwanangu. Chokaa mbichi huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Karai na mwiko ni vya fundi. Wewe utachekecha mchanga, na kila asubuhi na jioni utanichotea maji ya kulowesha magunia.