Je, Wajua? Benki Ilianza na Benchi

Neno "bank" la Kiingereza lina maana ya ukingo wa mto na pia ya benki ya fedha. La ukingo ndilo kongwe: Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia. La fedha lilikuja karne ya 15, likitokea Italia. Huko wabadilisha fedha walikaa sokoni nyuma ya benchi, "banca", sarafu zimepangwa mbele yao. Benki ya Siena iliyoanzishwa mwaka 1472, Monte dei Paschi, hadi leo inahudumia wateja.

Mfanyabiashara akiishiwa, Waitalia walisema benchi lake limevunjika, "banca rotta", na hapo ndipo Kiingereza kikapata "bankrupt". Wapo wanaosimulia kwamba benchi lilivunjwa kwa nyundo hadharani. Hadithi tamu, ila mimi siiapii. Kiswahili nacho kilipitia kwa Waarabu: muflisi na kufilisika vina shina moja na fulusi.

Neno benki halikubaki kwenye fedha tu: mwaka 1937 hospitali ya Cook County, Chicago, ilipoanza kuhifadhi damu kwenye friji, iliita huduma hiyo benki ya damu.

Tukirudi kwenye chanzo, Waitalia nao "banca" walilitoa kwa Wajerumani wa kale, kulikotoka pia benchi. Kwa hiyo benki unayowekea akiba na benchi la kibarazani ni maneno ndugu.