Juu ya nini redio haijakufa?



Juma lililopita mu internat kulikuwa mabishano. Mwenzetu mmoja alisema: "Redio ni kitu ya wazee. Mimi niko na nyimbo mia tatu mu telefoni, nitafungua redio juu ya nini?" Tulicheka, lakini swali ni zuri. Tujaribu kujibu.

Kwanza, mfuko. Kusikia muziki kwa intaneti kunakula mega, na kila mtu analipa zake. Redio ya FM haiko vile. Antena moja inatuma sauti hewani. Wakisikia watu kumi ao elfu kumi, kazi yake ni ile ile. Msikilizaji analipa mapile tu. Kura ikikatika, mama anaendelea kusikia.

Pili, mu redio kuko mtu. Radio Okapi ilianza mwaka 2002, wakati inchi ilikuwa imegawanyika kwa vita. Ilisema Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa walisikia habari moja. Telefoni inakupigia nyimbo, lakini haikuambie "habari za asubuhi".

Tatu, na hii ndiyo kubwa: telefoni inakupa kile umechagua, redio inakupa kile hukujua kuuliza. Tarehe 27 Mei 2021, kiisha Nyiragongo kulipuka, gavana alitangaza watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Wengi walikuja huku Bukavu kwa mashua. Tangazo kama lile linapaswa kufika kwa wote mara moja, tena kila mtu ajue kama jirani naye amesikia.

Hata kwetu nyumbani. Kijijini kwa babu hakuna rezo. Baba alifungua redio kusikia matokeo ya mpira, akasikia komunike: babu amefariki. Mbele tusimame kwenye viti, jirani alikuwa tayari mlangoni. Naye alikuwa amesikia. Tangu siku ile baba hakosi saa ya makomunike, hata mpira ukiwa haupo.

Basi, ndugu mwenye nyimbo mia tatu, zitunze, ni nzuri. Lakini wakati wa likizo, kaa karibu na wazazi saa ya makomunike. Utaona nyumba nzima inanyamaza. Pale utapata jibu lako.