Je, Wajua? Vali ya Chooni Haihitaji Teke

Katika maliwato ya viwanja vya ndege, hoteli kubwa na hospitali za rufaa, choo mara nyingi hakina tangi mgongoni. Kuna bomba nene la kromu na hendeli fupi ubavuni, basi. Hapo ndipo visa vya watu huanza. Mmoja anaikanyaga hendeli kwa kiatu akiogopa vijidudu, mwingine anaishikilia chini kwa nguvu zote akidhani maji yataongezeka, wa tatu anaibonyeza mara tano mfululizo huku akinuna. Vali yenyewe haina habari nao. Ikishaguswa mara moja imekwisha kupokea amri, na kazi yote inayofuata inafanywa na maji.

Mmarekani William Elvis Sloan alianzisha kampuni ya kutengeneza vali hizi mjini Chicago mwaka 1906, na umbo la vali yake iliyoitwa Royal limebadilika kidogo mno tangu hapo. Halina sababu ya kubadilika sana. Ndani kuna kiwambo cha mpira, duara bapa linaloenea kiganjani, nacho kinakigawa kichwa cha vali kuwa vyumba viwili, cha juu na cha chini. Maji ya bomba kuu yanaingia chumba cha chini na kukisukuma kiwambo kwenye ukingo wake. Katikati ya chumba hicho kuna mdomo wa bomba linaloshuka chooni, na humo hamna presha yoyote. Kisha, karibu na ukingo wa kiwambo, pametobolewa tundu jembamba kama la sindano. Kupitia hapo maji hupenya mpaka chumba cha juu.

Kwa hiyo presha ya juu na ya chini ni ileile. Mbona basi kiwambo hakiinuki? Kwa sababu juu maji yanalalia kiwambo chote, ilhali chini yanagusa ukingo tu. Tupige hesabu. Mdomo wa katikati ukiwa na kipenyo cha sentimita 3, eneo lake ni kama sentimita 7 za mraba. Presha ikiwa bar 3, kiwambo kinakandamizwa chini kwa uzito wa takriban kilo 21. Maji yanajifungia mlango yenyewe, na presha ikipanda, mlango unazidi kukaza.

Sasa bonyeza hendeli. Katikati ya kiwambo kuna kizibo kidogo chenye shina linaloning'inia. Kipini cha hendeli kinalisukuma shina kando, kizibo kinainama, na maji machache ya chumba cha juu yanatoroka. Presha ya juu inaanguka, ya chini inakiinua kiwambo, na lita 6 zinateremka kwa kishindo ndani ya sekunde kama 4. Wakati huohuo lile tundu la sindano linaendelea kukijaza chumba cha juu taratibu, mpaka kiwambo kinashuka tena na kuufunika mdomo. Hakuna springi inayopima muda wala umeme. Muda wote unapimwa na tundu.

Na wale wanaoishikilia hendeli? Vali zilizotengenezwa vizuri ziliwafikiria zamani. Lile shina limevikwa mrija unaoteleza. Kiwambo kikipanda, mrija unateleza na kuliachia shina linyooke, kizibo kikarudi mahali pake hata kama mkono wako bado umekandamiza. Unaweza kusimama hapo hadi kesho, maji yatakayotoka ni yaleyale. Sijui mtambo mwingine chooni unaowashughulikia wabishi kwa ustaarabu kiasi hiki.

Ubaya wa tundu jembamba ni kwamba linaziba kwa chembe moja ya mchanga. Likiziba, chumba cha juu hakijai, kiwambo hakishuki, na choo kinanguruma mchana kutwa. Likiziba nusu, maji yanatoka kwa muda mrefu kupita kiasi. Kiwambo kikichanika, kizibo kikichakaa, au taka ikinasa chini ya kizibo, chumba cha juu hakishiki presha na vali inavuja bila kukoma. Klorini nayo inaukausha mpira mwaka hadi mwaka. Yote haya yanatibiwa na kasha dogo la spea na muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai: funga koki ya pembeni kwa bisibisi, fungua kofia ya juu, toa kiwambo, suuza, weka kipya, rudisha. Spana iwe ya meno laini, maana ya meno makali inaitafuna kromu. Mpira ulowanishwe kwa maji tu. Grisi na mafuta ya petroli huuvimbisha.

Kuna jambo moja ambalo mafundi bomba wengi hulipuuza. Viwambo havilingani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ilishusha maji ya kuflashi vyoo vipya hadi lita 6, lakini spea za vali za zamani za lita 13 bado zipo, na zinaingia vizuri tu kwenye mwili uleule. Ukifunga mojawapo kwenye choo cha lita 6 kinachotumiwa mara 100 kwa siku, umemwaga lita 700 za ziada kila siku, na hakuna atakayegundua kwa sababu choo kinasafishika vizuri sana.

Kwetu adui mkubwa ni mgao wa maji. Maji yakikatika, presha inaondoka na kiwambo kinakosa cha kukikandamiza. Yakirudi, yanakuja na hewa, kutu na mchanga, na vali kadhaa za jengo zinaweza kufunguka kwa pamoja. Zikifunguka pamoja zinanyang'anyana presha, hakuna inayopata ya kutosha kujifunga, pampu inahangaika na tangi linakauka. Walinzi huamua pampu imeharibika. Dawa yake haina gharama: funga koki za pembeni zote, acha presha ijae, kisha zifungue moja baada ya nyingine.

Lakini majengo mengi hayafiki huko. Vali ikivuja, inafungwa moja kwa moja. Kinachofuata ni pipa la plastiki kwenye kona na kopo lililokatwa shingo, chini ya bomba la kromu lililoagizwa kwa fedha nyingi. Wahusika wako radhi kununua choo kizima kipya, ila kununua mpira hawataki.

Kosa jingine hufanyika tangu siku ya ujenzi. Vali hizi huhitaji kwa kawaida presha ya kati ya bar 1 na 2 wakati maji yanatembea, na bomba la inchi moja. Kila mita ya kimo cha tangi inatoa sehemu moja ya kumi tu ya bar. Simtanki iliyo mita 3 juu ya choo inatoa bar 0.3. Mwenye nyumba aliyeiona vali hii hotelini akaipenda, akaifunga kwake kwa bomba la nusu inchi, atalaumu vali bure. Nyumbani tangi la mgongoni na boya lake vinatosha.

Kuna kipande kimoja cha kuheshimiwa kuliko hata kiwambo. Chini kidogo ya kichwa cha vali, juu ya ukingo wa choo, kuna mpira mdogo unaoruhusu hewa kuingia pale bomba kuu linapoanza kufyonza kuelekea nyuma. Bila huo, maji ya chooni yanaweza kuvutwa kurudi kwenye bomba la kunywa. Chicago ileile, mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, ilipatwa na mlipuko wa kuhara damu kwa amiba uliohusishwa na hoteli mbili. Watu 98 walikufa, na uchunguzi uliishia kwenye mabomba yaliyounganishwa vibaya na maji yaliyoweza kufyonzwa kurudi. Mpira huo ukichakaa hutonesha maji kupitia vitundu vya hewa. Yuko fundi atakayekuzibia vitundu hivyo ili sakafu ikauke. Mkatalie. Katika mji wa mgao, ambako mabomba hubaki matupu na kufyonza, hicho ndicho kipande cha mwisho cha kuguswa kienyeji.

Vali hizi utazikuta pia kwenye sehemu za haja ndogo zikitoa maji kidogo zaidi, nyingine zikiwa na jicho la umeme na betri, nyingine zenye hendeli ya kuinua au kushusha. Kanuni hiyohiyo ya kiwambo na tundu imo kwenye mashine za kufulia, vali za umwagiliaji, na vali kubwa za kudhibiti presha za mamlaka za maji.

Kama unasimamia jengo, nenda leo ukaweke karatasi kavu ya chooni kwenye ukuta wa ndani wa sinki la choo, juu ya maji yaliyotuama. Ikilowana bila mtu kuflashi, vali inavuja. Kuvuja kwa lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na mita ya maji inazihesabu zote.