Taa wa maji baridi: Kwa nini dume humng'ata jike, na mfugaji afanye nini

Taa wa maji baridi, samaki bapa wenye asili ya mito ya Amerika Kusini, siku hizi hufugwa katika matangi ya kioo kwenye mabara mengi. Aghalabu mfugaji huanza na jozi moja, dume na jike, akitarajia kupata watoto. Miezi inapita, kisha asubuhi moja anamkuta jike amechanika kingo za mwili, nyama iko wazi, naye dume bado anamfuata nyuma. Hapo mfugaji hujiuliza: je, huu ni ugomvi au ni ndoa?

Mara nyingi ni ndoa. Lakini ndoa hiyo, ikifungiwa ndani ya tangi dogo, huweza kumuua jike.

Samaki hawa ni nani?

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua taa wa baharini, ambaye baadhi ya aina zake huitwa nyenga. Taa wa Amerika Kusini ni wa ukoo wa mbali. Wahenga wao walitoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, na miili ya vizazi vyao ikazoea mito kiasi kwamba hawawezi tena kuishi katika maji ya chumvi. Wanaishi katika mito kama Amazon, Orinoco na Paraná.

Aina mbili hupendwa zaidi na wafugaji. Ya kwanza ni motoro, mwenye rangi ya kahawia na madoa ya manjano yaliyozungushiwa weusi. Ya pili ni leopoldi, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye kwao ni bonde la mto Xingu nchini Brazil tu. Jina lake, lililotolewa mwaka 1970, ni kwa heshima ya Leopold III, mfalme aliyeitawala Ubelgiji pamoja na koloni lake la Congo kuanzia 1934 hadi 1951.

Kumtambua dume si kazi ngumu. Chini ya chanzo cha mkia wake kuna viungo viwili vilivyo kama vidole, ambavyo hutumika kupitisha mbegu za uzazi. Jike hana viungo hivyo, na akikomaa huwa mkubwa kuliko dume.

Kwa nini dume hung'ata?

Samaki hana mikono ya kushikia. Dume anapotaka kupanda, humfukuza jike, humng'ata ukingo wa mwili, kisha hujigeuza chini yake hadi tumbo likutane na tumbo. Bila kung'ata hakuna kupandana, na bila kupandana hakuna mimba, kwa kuwa taa hawatagi mayai majini. Jike hubeba mimba kwa miezi kadhaa, huwalisha watoto kwa majimaji yenye lishe ndani ya tumbo lake la uzazi, kisha huzaa watoto walio hai.

Mtoni jambo hili lina kipimo chake. Jike asiyekuwa tayari huondoka, akajifukia mchangani mahali pengine, na dume akapoteza njia. Katika tangi hana pa kwenda. Akikimbia, baada ya mita moja au mbili hukutana na kioo, na dume yuko palepale. Basi jambo ambalo mtoni lingekwisha kwa dakika chache huendelea usiku kucha.

Hatari huongezeka katika hali tatu. Ya kwanza ni pale dume mmoja anapowekwa na jike mmoja, kwa sababu bidii yote ya dume huelekezwa kwa mwili mmoja. Ya pili ni pale jike anapokuwa hajakomaa, kwani majike huchelewa kupevuka kuliko madume. Ya tatu ni mara baada ya kuzaa, wakati jike amechoka na dume anaanza tena kumwandama.

Upande wa pili pia upo. Jike mkubwa aliyeshiba nguvu huweza kumkandamiza dume mdogo wakati wa kula, akamnyima chakula hadi nyonga zikaonekana juu ya mkia. Huo ni ugomvi wa kweli, wala hauhusiani na uzazi.

Dalili za kutazama

Mikwaruzo midogo na alama za meno kwenye kingo za jike ni jambo la kawaida, na katika maji safi hupona yenyewe kwa muda wa wiki moja au mbili. Mfugaji asitaharuki kwa kila alama.

Hali hubadilika jeraha linapofika ndani ya nyama, linapokaribia macho au matundu ya kuvutia maji yaliyo nyuma yake, au linapoota utando mweupe. Dalili nyingine ni jike kukataa chakula, kuacha kulala chini na kushinda amening'inia kwenye kioo, au kupumua kwa haraka. Kingo za mwili zikijikunja kuelekea juu, jambo hilo ni la dharura.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuwatenganisha. Ikiwezekana, ahamishwe dume na si jike, kwa maana jike aliyejeruhiwa hahitaji msukosuko mwingine. Asiyekuwa na tangi la pili anaweza kuweka ukuta wa plastiki ngumu yenye matundu. Ukuta huo sharti uguse sakafu ya tangi chini ya mchanga, kwa sababu taa huchimba na kupenya.

Hatua ya pili ni maji. Amonia na nitriti havitakiwi kuonekana kabisa katika kipimo, kwa kuwa kidonda katika maji machafu hakifungi. Kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara ndiyo tiba ya kwanza. Dawa zenye madini ya shaba, zinazouzwa kwa ajili ya samaki wengine, zisitumike: taa na papa huzistahimili kwa shida, na zinaweza kuwaua.

Hatua ya tatu ni nafasi. Taa mkubwa huweza kufikia upana wa nusu mita au zaidi, na wafugaji wengi huhesabu tangi la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 kuwa kiwango cha chini. Kina si muhimu kama eneo la sakafu. Mchanga laini humwezesha jike kujifukia, na huo ndio mlango pekee wa kutokea alionao.

Hatua ya nne ni idadi. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu waliokomaa hugawanya usumbufu. Madume wawili katika tangi dogo huzidisha vurugu. Wanaporudishwa pamoja, walishwe kwanza, dume aingizwe mwisho, na mfugaji abaki akitazama saa za mwanzo. Jike akikaribia kuzaa, dume aondolewe tena.

Mfugaji naye ajilinde. Mkia wa taa una mwiba wenye sumu, na samaki anayeandamwa huutumia kwa wepesi. Wavu wa kamba hunasa mwiba huo. Afadhali samaki aongozwe kuingia katika beseni likiwa majini. Aliyechomwa atumbukize jeraha katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyounguza ngozi, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Suluhisho lisilo suluhisho

Wapo wanaochoka na vurugu wakamwaga samaki wao mtoni au bwawani. Nchini Singapore, taa wa aina ya motoro walioachiliwa wamezaliana katika mabwawa ya maji, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Watu wa kando ya Ziwa Victoria, waliouona ujio wa sangara na kupotea kwa samaki wengi wa asili, hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya mgeni wa majini.

Huko kwao mambo ni kinyume. Leopoldi wa Xingu wanaishi katika mto ambao mkondo wake umebadilishwa na bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2016. Mwaka 2022, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama, uliwaweka leopoldi na aina nyingine sita za taa wa Brazil katika orodha ya wale ambao biashara yao sharti idhibitiwe.

Kwa hiyo jike anayekufa kwa majeraha ndani ya tangi hatakuwa rahisi kubadilishwa na mwingine kutoka mtoni. Asiyekuwa na nafasi ya kuwatenganisha dume na jike pale inapobidi, ni heri afuge mmoja peke yake, au majike watupu.