Moyo Uliochoka Una Sura Mbili

Huenda unaye jirani apandaye ngazi akitweta, alalaye kwa mito mitatu, na miguu yake huvimba ifikapo jioni. Watu husema ni pumu, au ni uzee tu. Mara nyingi ni moyo ulioshindwa kazi.

Ugonjwa huu una aina mbili kubwa. Katika ya kwanza moyo umetanuka na kulegea: moyo mzima husukuma nusu au zaidi ya damu ya chumba chake cha kushoto kwa kila pigo, huu haupiti asilimia 40. Katika ya pili moyo husukuma vema, lakini kuta zake zimekakamaa, haulegei upate kujaa. Hii ndiyo yenye hila. Mgonjwa huambiwa moyo wake una nguvu, akarudi nyumbani na kutweta kwake. Huwaandama hasa wanawake wazee, wanene na wenye shinikizo la damu. Huko Framingham, Marekani, ambako wakazi wamechunguzwa tangu mwaka 1948, ilionekana kuwa karibu nusu ya wagonjwa wana aina hii.

Hapa kwetu shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa, na zahanati hulipima kwa dakika chache. Kuzitenganisha aina hizo huhitaji picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwani dawa zake hazilingani.