Mabinti wetu wa ushonaji, siku moja Unguja

Wamama wapendwa, wengi mmeniuliza pesa ya likelemba ilifanya kazi gani kule Zanzibar. Safari ya basi kutoka Kasumbalesa hadi Dar es Salaam sitaisimulia. Migongo yetu bado inaikumbuka. Nitawapa Jumatano tu, siku ya masomo.

Asubuhi tulianza na milango ya Mji Mkongwe, kila binti na daftari lake. Mwongozaji alitufundisha kuitofautisha: yenye upinde juu ni ya mtindo wa Kihindi, iliyonyooka juu ni ya Kiarabu. Pembeni wamechonga samaki, maua, na mnyororo unaozunguka mlango wote. Mnyororo, alisema, ni wa kulinda nyumba. Binti mdogo kuliko wote aliupenda sana. Akauchora kurasa tatu, akatangaza kwamba ndio utakuwa pindo la kikwembe chetu cha tarehe 8 Machi. Mnajua kila mwaka tunavaa kile walichochora wengine. Safari hii tuliwatuma wao wachore.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tuliliona kwa nje tu. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Halafu duka la kanga, karibu na soko la Darajani. Hapo tulikaa saa mbili nzima. Sisi tunanunua kikwembe yadi 6, fundi anakata anapotaka. Kanga haikubali hivyo. Huja vipande viwili vinavyofanana, doti, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa urefu. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani maneno yaliyochapwa. Ukikata ovyo, umekata maneno. Muuzaji, mama mtu mzima, alituuliza kwanza, “Mnampelekea nani?” Mabinti wakacheka, maana kwetu muuzaji anauliza rangi na bei. Kumbe kanga ya mama mkwe siyo ya jirani mliyegombana. Akatueleza kwamba zamani, karne ya 19, wanawake walinunua leso sita wakaziunga kuwa nguo moja, na wafanyabiashara wakafuata kwa kuchapa nguo nzima. Yaani walioanza ni wenye sindano! Mafundi wetu walifurahi sana kusikia hivyo.

Mchana tulikwenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Nje kuna shimo, ndani yake sanamu tano za watu, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Shingoni wana mnyororo wa chuma, wa kweli. Mwongozaji akasema wengine waliletwa kutoka Manyema, kwetu Kongo. Hakuna aliyepiga picha.

Jioni pale Forodhani, tukila urojo, yule binti alifungua daftari. Mwenzake akamwambia auache mnyororo, nani atajua kwetu? Akajibu, “Mimi najua.” Akazichana zile kurasa tatu, akaanza kuchora majani ya sombe.

Pindo ni hilo la sombe, na mji ni mashine ya kushona. Jina bado. Jumapili kila mama alete maneno yake, yasizidi sita, tuchague pamoja kabla ya kuhesabu pesa ya kuchapisha.